Mitende ya Safu ya Juu

Wiki iliyopita mwanangu alinipitia nyumbani kunipeleka kupimwa macho. Nilipofungua mlango wa gari nilikutana na harufu ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi, harufu ya gunia bichi. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amelaza mche wa mtende, umefungwa gunia kuanzia chini mpaka karibu na ncha za makuti, na gunia limeloweshwa maji mpaka kiti kimelowa. Alikuwa anaupeleka kwenye nyumba yake mpya huko Al Khoudh.

"Wameniambia niumwagilie kila siku mpaka ushike," alisema. "Mimi n'tafunga mpira wa maji niuache, nani ana wakati?"

Nikamwambia azime kipoza hewa cha gari na asiondoke kwanza. Akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu siumwi, nimechoka tu, na kwa umri wetu jawabu hilo linakubalika bila ya maelezo. Lakini haukuwa uchovu wangu. Ulikuwa ni uchovu wa watu wengine, watu wazima niliowaona nikiwa mtoto wa miaka saba, na ulinijia wote pamoja kupitia puani.

Wewe wa rika langu huenda una uchovu kama huo uliourithi, ukawa unadhani ni wako. Ngoja nikusimulie wangu.

Al Khoudh ya leo unaijua. Majumba meupe, mabasi ya wanafunzi wa chuo kikuu, magari matatu kwa kila nyumba. Wakati huo kilikuwa kijiji chini ya mlima, chenye ngome, msikiti na mashamba ya mitende, na kufika Maskati ilikuwa safari ya kuagana na watu. Mbele ya kijiji palikuwa na wadi, yaani bonde pana la mto usio na maji, mawe matupu. Kijiji kilikuwa upande mmoja wa wadi, na sisi upande wa pili. Nyumba tisa za makuti ya mtende, watu waliotoka Unguja na Pemba baada ya mapinduzi na vitu vilivyoenea kwenye mikono yao. Mtu mmoja wa kabila la baba ndiye aliyetuombea ardhi ile, kwa sababu hakuna aliyeitaka. Watu wetu wakapaita Ng'ambo, kama ule upande wa pili wa mji kule kwetu. Nadhani lile jina liliwasaidia. Ukiwa Ng'ambo, mji hauko mbali.

Uchovu wa watu wale nnaukumbuka kwa namna walivyokaa. Kule Unguja watu wazima wakikaa barazani walikaa wima, mguu mmoja umekunjwa, kahawa mkononi. Ng'ambo walikaa kama vitu vilivyotuliwa chini. Baba yangu, Nassor, alikuwa karani wa forodha. Mikono yake ilikuwa laini kuliko ya mama, na sasa kutwa nzima alichimba mashimo kwenye ardhi ya kokoto. Akirudi aliiweka mikono ile juu ya mapaja, viganja juu, kama kwamba anampa mtu mwengine aishike kidogo. Mama alishona kofia tokea alfajiri mpaka macho yanamtoka machozi. Bibi yangu, mama yake baba, ambaye watu wote wakimwita Bi Zuwena, hakushona wala hakuchimba. Bibi alingoja.

Alikuwa anamngoja mwanawe mdogo, Ami Seif, aliyebaki Unguja. Siku ya kupanda meli alikwenda kumtafuta rafiki yake, akasema atatukuta gatini. Hatukumwona tena, wala barua haikuja. Kwa hiyo Bibi hakulifungua sanduku lake. Ndani yake mlikuwa na doti tatu za kanga mpya, na zote hazijakatwa. Unajua kanga huuzwa mbili zilizoshikana, ukitaka kuvaa lazima uzikate katikati na uzipinde. Bibi alivaa kanga zake kuukuu mpaka zikawa kama wavu. Mama akimwambia, "Bi Mkubwa, kata basi doti moja uvae," alimjibu, "Zile za kuvaa nyumbani." Na nyumbani, kila mtu alijua, si pale.

Kitu kimoja tu alikitoa hadharani. Ni kitawi cha asumini alichokivunja uani kwake, akakichomeka kwenye kopo la maziwa ya unga lenye udongo. Melini kila mtu alipimiwa maji ya kunywa, na mimi nilimwona kwa macho yangu akinywa nusu ya kikombe chake na nusu nyengine akaupa mti. Kwangu mimi hilo ndilo lililokuwa somo la kwanza la kilimo: mti unaoupenda unaupa maji yako.

Watu wazima nao walikuwa na somo lao la kujifunza, na walianza vibaya. Msimu wa kwanza wanaume wa Ng'ambo walilima matuta mazuri, marefu, kama ya kule kwetu. Wakafukia kunde na mahindi waliyokuja nayo pindoni mwa nguo, kisha wakaosha majembe wakakaa kungoja masika. Kweli, walikaa. Siku moja alikuja mtu kutoka kijijini, akasimama juu ya tuta akitutazama. Alikuwa mfupi, umri kama wa baba, jicho lake moja lina ukungu. Jina lake Khalfan, na yeye ndiye aliyekuwa akisimamia maji ya kijiji. Ujanani mwake alikaa Pemba misimu miwili akichuma karafuu, ndiyo maana alijua Kiswahili, ingawa alikisema kama mtu anayetembea juu ya mawe.

"Mnangoja nani?" aliuliza.

"Mvua," baba alisema.

Khalfan alichuchumaa. Mimi nilidhani ameshikwa na tumbo. Kumbe anacheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Mvua," alisema alipopata pumzi. "Yakhe, hapa mvua haina miadi na mtu. Ikikumbuka, inakuja. Na ikija inachukua na nyumba."

Tokea siku ile kijiji kizima kilituita watu wa mvua. Watoto wao walisimama upande wa pili wa wadi wakituuliza kwa sauti kama tumeshatoa miavuli. Sisi tukawajibu kwamba wao wanakunywa maji ya mtaroni, na siku ikapita.

Hayo maji ya mtaroni ndiyo kila kitu, na kama hukuwahi kuyaona nitakueleza, si jambo gumu. Ni mfereji unaoitwa falaji. Unayachukua maji chini ya mlima ukayaleta kijijini wenyewe, bila ya pampu wala injini. Pale yanapoingia kijijini yana birika la wazi, na hapo ni ya kila mtu, hata msafiri, hata punda wa msafiri, maadam ni ya kunywa. Yakishapita msikiti yanakuwa na wenyewe. Kila shamba lina zamu yake, na zamu inapimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa uwanjani. Kivuli kikifika kwenye jiwe fulani, Khalfan anaziba kwa tope mlango wa shamba hili, maji yanakwenda shamba la pili. Mtu asiye na zamu anaweza kunywa, lakini hawezi kulima. Na asiyeweza kulima, pale, hawezi kukaa.

Wanaume wa Ng'ambo wakaenda kuomba zamu. Jawabu alilileta Khalfan mwenyewe. Alikaa kwenye mkeka wetu, akanywa kahawa, akasema kijiji hakiwapi maji watu wa kunde. Kunde inaliwa, mtu anakung'uta nguo anaondoka. Maji wanapewa watu wa mitende, kwa sababu aliyepanda mtende amesema anakaa.

"Panda miche kumi," alimwambia baba. "Mimi nitaitoa. Kabla ya kuvuna tende nitakuja kuitazama. Ikiwa imeshika, mtapata zamu yenu, nyumba zote tisa. Ikiwa haikushika," akapindua kikombe chake juu ya sinia, "basi mtatafuta penginepo."

Alipoondoka, Bibi alizungumza kutoka nyuma ya pazia la gunia.

"Nassor. Mtende unazaa baada ya miaka mingapi?"

"Minne, mama. Mitano."

"Na wewe unataka kuupanda."

"Nnataka watoto hawa wapate maji, mama."

Kisha akasema maneno ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika yote haya. "Mti ule ukishika, Nassor, sisi haturudi tena."

Baba aliiweka mikono yake mapajani, viganja juu.

Sasa jiweke mahali pangu. Mimi nilikuwa na miaka saba. Watu wazima wakizungumza nilisikia sheria, kama ile ya kivuli na jiwe. Kivuli kikifika hapa, maji yanakwenda kule. Mti ukishika, meli haiji. Sikuona kwamba Bibi anasema uchungu wake. Nilidhani ananieleza namna dunia inavyofanya kazi.

Miche ikaletwa mwisho wa baridi, imefungwa magunia mabichi, na ndiyo ile harufu. Wakaipanda safu mbili za mitano mitano. Khalfan akaeleza kwamba mche mpya umetenganishwa na mama yake na haujajua kunywa peke yake. Kwa hiyo siku arobaini za kwanza unapewa maji kila siku, na baada yake siku moja ndiyo, siku moja siyo, mpaka joto lipite. Maji hayo alituruhusu tuyachote birikani. Safu ya chini baba aliichukua yeye, kabla ya kwenda vibaruani. Safu ya juu akanipa mimi, na kopo la maziwa lenye mkono wa waya.

"Makopo mawili kila mche," alisema. "Unaweza, mwanangu?"

Nikasema naweza. Na kweli siku za mwanzo nilifanya. Nilichota, nikabeba, nikamimina, nikakaa nikatazama maji yanavyoingia chini na kuacha povu dogo la vumbi. Lakini kila nilipomimina nilimwona Ami Seif. Ami Seif alikuwa akinibeba mabegani mpaka Forodhani kula urojo, na mimi sasa nilikuwa namzuilia meli, kopo moja baada ya jengine.

Siku ya kumi hivi nilipunguza, kopo moja kila mche. Siku ya ishirini nikaacha kabisa. Lakini birikani niliendelea kwenda, kwa sababu mama alikuwa akinitazama, na mtu akishabeba maji lazima ayamwage mahali. Nikayapeleka nyuma ya kibanda chetu, kwenye asumini ya Bibi, ambayo ilikuwa imeshahamishwa kutoka kopo kwenda ardhini na ilikuwa kijiti kikavu chenye majani manne. Makopo kumi kila siku. Nikiyamimina niliuambia mti, kimoyomoyo, tunakaribia kwenda, vumilia.

Sikuona kuwa nafanya ubaya. Huo ndio ukweli, na ikiwa una mjukuu wa umri ule hapo ulipo, mtazame vizuri akiwa kimya. Huenda anafanya kazi kubwa ya kuokoa jamaa nzima.

Joto likaja, joto ambalo lilitufanya tunywe maji yakiwa ya moto na tushukuru. Tende mashambani zikaanza kubadilika rangi. Khalfan akavuka wadi asubuhi moja, akaingia kwenye shamba letu, na watu wa nyumba zote tisa wakatoka. Hakuna aliyeitwa. Walisimama tu wakiwa na vikombe na watoto mikononi.

Mtende mchanga unaupimia kuti la katikati, lile la moyoni. Ukilivuta likikataa, mti umeshika. Khalfan alivuta safu ya chini, mmoja, wa pili, mpaka wa tano. Yote ilikataa, na mmoja ulikuwa umeanza kutoa kuti jipya la kijani. Niliona mabega ya watu yakishuka kidogo. Akaja safu ya juu. Akavuta mche wa kwanza, na kuti la moyoni likatoka zima, kavu, mkononi mwake. Akalitazama. Akavuta wa pili, nalo likatoka. Mitano yote, mmoja baada ya mwengine, na kila alipolivuta lilifanya mlio mdogo, kama mtu anayekata uzi.

Mmoja wa jirani zetu alisema huenda upande ule una chumvi. Khalfan aliingiza kidole ardhini mpaka kifundoni, akakitoa, akakinusa.

"Chumvi siyo," alisema. "Hii imekufa kwa kiu. Nani mwenye safu hii?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nimeshika nguo yake. Baba hakugeuka kunitazama. Alitazama mbele tu, akasema, "Safu hiyo yangu."

"Na ile?"

"Na ile yangu."

"Yaani mitano umeipa maji na mitano umeisahau."

"Nilichoka, Bwana Khalfan," baba alisema. "Mikono yangu ni ya kalamu. Nisamehe."

Alilisema mbele ya watu wote. Khalfan akakung'uta mkono, akasema Ijumaa baada ya sala atakieleza kijiji alichokiona, na uamuzi si wake peke yake. Akavuka wadi akarudi. Watu wakaingia majumbani bila ya kumwambia baba neno, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama wangelimtukana. Mwanamke mmoja tu alisema, si kwa nguvu, "Basi tufunge tena mizigo."

Nilingoja furaha ije. Nilikuwa nimeshinda, miti haikushika, sasa twende. Badala yake niliona baba amekaa kwenye ukingo wa shimo la mche uliokufa, na viganja vyake vimepasuka na vidonda vimeingia vumbi. Kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba hakuna meli iliyokuja. Miti imekufa, na wadi ni ile ile, mawe matupu.

Asr ya siku ile Bibi aliniita nyuma ya kibanda. Alikuwa amekaa karibu na asumini yake. Mimi nilikuwa nimeimwagilia miezi mitatu na sikuwa nimeitazama hata siku moja. Ilikuwa imepanda juu ya ukuta wa makuti mpaka paani. Katikati ya joto lile, ambalo hata mbuzi walikuwa hawalistahimili, ilikuwa imejaa maua, na harufu yake ilitoka kama mtu amefungua mlango wa nyumba yetu ya Unguja.

"Kaa hapa," alisema. "N'kuulize. Mimi naipa kikombe kimoja baada ya sala ya alfajiri. Kikombe kimoja hakifanyi haya. Asumini hii inakunywa wapi?"

Nikaanza kuokota maua yaliyoanguka chini.

"We mtoto. Asumini haisemi uongo. Inakunywa wapi?"

"Birikani, Bibi."

"Nani anayeipelekea?"

Nikamwambia yote. Nikamwambia na ile sheria, kwamba mti ukishika haturudi, na kwamba nilitaka Ami Seif asikose meli. Nilitegemea atanipiga au atanikumbatia, kwa sababu mambo ya Bibi yalikuwa mawili tu. Hakufanya hata moja. Alichuma ua, akalivunja, akalitupa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa kwamba kitu alichokiacha jikoni kimeunguza nyumba.

"Maneno yangu yale," alisema. "Uliyasikia."

"Ndiyo, Bibi."

"Na baba yako amesema yeye ndiye."

"Ndiyo."

Akaingia ndani. Nilisikia kufuli la sanduku, kisha mkasi. Mkasi kwenye kanga mpya una sauti yake, nzito kidogo mwanzo, halafu unateleza. Mama aliacha kushona akainua uso. Bibi alitoka amejifunga kipande kimoja na kujitanda buibui juu yake, hata hakukipinda, nyuzi zinaning'inia. Akanishika mkono.

"Tunakwenda wapi, Bibi?"

"Ng'ambo," alisema, na akaelekeza kidevu chake upande wa kijiji. Alikuwa hajapata kuvuka wadi ile tokea tulipofika. Hata maji alikuwa akiletewa.

Tulimkuta Khalfan mlangoni kwake anasuka kamba. Bibi alimsalimia kwa Kiarabu, kisha akaendelea kwa Kiswahili, kwa sababu alitaka asikosee hata neno.

"Mwanangu amekwambia uongo leo," alisema. "Miche ile hakuiua yeye. Nimeiua mimi."

Khalfan aliiweka kamba chini. Akamtazama kwa jicho lake zima, kisha akanitazama mimi, na nadhani alijua. Mtu aliyekaa na maji maisha yake yote anajua nani amemimina na nani hakumimina.

"Ajabu nyumba yenu," alisema. "Mti ukifa, kila mtu anataka yeye awe muuaji."

"Mimi nilisema maneno mabaya juu ya miti ile. Yaliyobaki yalifuata."

"Bi mkubwa, mtende haufi kwa maneno."

"Umekufa," Bibi alisema. "Nataka mitano mingine."

Khalfan alicheka, lakini si kama siku ya mvua. Akasema miche haipandwi kwenye joto lile, anayepanda sasa anapanda ili azike. Joto likivunjika atampa mitatu, mitano hana. Na Ijumaa atasema kijijini kwamba watu wa mvua wameshikisha mitano na wamekuja kuomba mingine. "Hilo nitasema," alisema. "Lakini wataniuliza nani atamwagilia. Mwanao wameshasikia kwamba amechoka."

"Mimi," Bibi alisema.

"Wewe. Hujapata kuvuka hata wadi."

"Nimevuka leo," alisema. "Na kwa mguu huu huu nitarudi kesho kuchota."

Kijiji kikakubali kungoja mwaka mmoja. Sitasema walitukubali kwa mapenzi. Walikubali kwa sababu Khalfan alisema, na kwa sababu mwanamke mzee aliyevuka wadi kila alfajiri na ndoo kichwani, akiwa amejifunga kanga mpya isiyopindwa, ni kitu ambacho watu wanaona haya kukikataa. Joto lilipovunjika tukaipanda ile miche mitatu kwenye safu ya juu, na Bibi alivuka siku arobaini. Mimi nilikuwa nyuma yake na kopo langu. Magunia hayakutosha kufunga mche wa tatu, akatoa kipande kile cha pili cha doti akaufunga nacho. Tulipokilowesha kilitoa harufu ya udi wa sandukuni, na Bibi akageuza uso akajifanya anahesabu makopo.

Siku moja kuti jipya lilichomoza kwenye mche ule, kijani kibichi, limekunjwa kama barua.

"Bibi, umeshika."

"Nnaona."

"Ndo haturudi tena?"

Alikuwa na ndoo mikononi. Aliimalizia kuimimina yote, hakutaka kupoteza maji kwa ajili ya jawabu.

"Tulikuwa haturudi kabla haujapandwa, mwanangu," alisema. "Mti haujafanya kitu. Mimi nilikuwa sijataka kuuona tu." Kisha akaniambia nikalete kopo la pili.

Tukapata zamu yetu. Kivuli kikifika kwenye jiwe la saba, maji yalivuka wadi kwenye mtaro wa mawe alioujenga baba na wenzake. Watu wa Ng'ambo waliokuwa wamekaa kama mizigo walisimama kuyapokea, wamechoka vile vile, lakini wamesimama. Kunde zikaota. Watoto wa kijijini waliendelea kutuita watu wa mvua, na siku moja tukagundua kwamba tunajiita hivyo wenyewe.

Mambo yalipobadilika Omani na milango ikafunguliwa, watu wetu walianza kuja kwa wingi. Siku moja lori lilisimama karibu na wadi likashusha familia tatu kutoka Unguja, na masanduku yao, na nyuso zile tulizokuwa nazo sisi. Bibi alikuwa ameshazeeka, anatembea na fimbo. Alikwenda mpaka kwenye lori akasimama, akamtazama kila mtu aliyeshuka, mmoja mmoja, mpaka dereva akafunga mlango wa nyuma. Ami Seif hakuwamo. Hakumuuliza mtu. Nilimwona amekaza vidole vyake kwenye fimbo, kisha akavilegeza.

Miongoni mwao palikuwa na mtoto wa kike wa miaka sita au saba, na mama yake alishika kopo lenye kitawi cha asumini. Usiniulize kwa nini kila mtu alikuja na asumini. Baba yake alikuwa ameshaanza kutazama ile ardhi ya kokoto, akauliza matuta yalimwe upande gani, na masika huku huja lini. Baba yangu akainamisha kichwa asionekane anacheka. Khalfan, aliyekuja kutazama wageni, hakujizuia.

Bibi aliwapeleka kwenye safu ya juu. Ule mtende wa tatu, uliowahi kufungwa kanga, ulikuwa bado mfupi, lakini ubavuni mwake ulikuwa umeshatoa mche. Akamwambia baba aukate, aufunge gunia, aloweshe. Akampa yule mtoto kopo langu lenye mkono wa waya.

"Makopo mawili kila siku, siku arobaini," alimwambia. "Unaweza, mwanangu?"

Mtoto akatikisa kichwa kukubali. Bibi akanyoosha mkono kwa mama yake, akalichukua lile kopo la asumini, akalikumbatia kifuani.

"Na hii," alisema, "nitaimwagilia mwenyewe."